Damu ya Mzee Kwenye Nati

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Mama mmoja wa Majengo amenitumia ujumbe kwamba yule mzee akiwasha kile kiberiti, yeye anahamia gazeti la watu wengine. Mwingine kanisimamisha nje ya kanisa, padri bado yuko mlangoni anaaga watu, anataka nimwambie hapo hapo kama wamekufa au hawajafa. Jamani, mimi naandika tu, sipigi ramli. Kaeni tuendelee.

Tuliachana njiani, katikati ya mlima, gari linatoka Ikola, ziwani, linakuja Mpanda. Specioza yuko kwenye usukani wa Noah yake, ile inayotembelea gesi ya mtungi, gesi hii hii mnayopikia maharage, ndiyo maana stendi nzima wanaiita Jiko. Nyuma wamekaa abiria, kwenye buti yamejaa magunia ya dagaa ya Mama Lidia, na humo ndani kuna harufu ya kukata pua. Mzee Abednego, kiti cha nyuma kabisa, sigara mdomoni, ameshatoa njiti na kuigusisha kwenye ubavu wa boksi la kiberiti.

Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakwenda kwa wakwe zake Kakese na hakutaka kufika ananuka. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mbele, kwamba anavuta moja tu ili kuua harufu ya dagaa waliooza wa mama huyu.

Sasa mzee, kwa nini useme vile? Mwambie mfanyabiashara wa dagaa kwamba ana madeni, atacheka. Mwambie mumewe ana nyumba ndogo, atakuuliza iko mtaa gani. Lakini usimwambie dagaa wake wameoza.

Mama Lidia aligeuka mzima mzima. Akapokonya kiberiti, akapokonya na sigara, akavitupa vyote dirishani.

"Dagaa zangu nimezianika mwenyewe, mvua haijaziona," alisema. "Nusa vizuri, baba. Hiyo siyo harufu ya samaki. Sijui ya nini, lakini ya samaki siyo."

Specioza alizisikia zile sauti mbili zikigombana, na hapo ndipo akazinduka. Tangu watoke Ikola alikuwa anaisikia ile harufu na kujiambia ni dagaa. Gesi ya mtungi hutiwa uvundo makusudi ili ikivuja watu washtuke. Lakini washtuke vipi kwenye njia hii, ambapo kila gari linalotoka ziwani linanuka kuliko lililotangulia? Ukibeba dagaa kila siku, pua yako inachoka kukuambia mambo.

Akakanyaga breki, akazima ufunguo, na kwa sauti ndogo akawaambia watu washuke wote, waache simu, waache mizigo, wasiguse swichi yoyote. Ile sauti ndogo ndiyo iliyowatisha. Walishuka wakikanyagana. Mzee Abednego, ambaye Ikola alipandishwa na watu wawili kwa sababu ya magoti, alishuka mwenyewe na kuwapita.

Specioza akafungua milango yote na buti. Gesi hii ni nzito, haipandi juu kama moshi, inalala chini kwenye sakafu kama maji yaliyomwagika, kwa hiyo ukifungua dirisha tu hujafanya kitu. Akavuta magunia, akaufikia mtungi wa gari uliolazwa nyuma ya kiti, akafunga koki yake kwa mkono. Halafu akarudi nyuma, akakaa chini kwenye vumbi, akaacha upepo wa mlimani ufanye kazi yake. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Mama Lidia.

Kwa wale mliochelewa kuungana nasi, acheni niwape kwa kifupi, maana bila hili hamtaelewa kwa nini huyu mwanamke hakulala palepale akalia. Noah aliachiwa na marehemu mumewe. Mashemeji hawakupenda. Walisema mwanamke hawezi njia ya ziwani, na siku akishindwa kupakia abiria, gari linarudi kwa ukoo. Bei ya petroli ilipomshinda, Specioza akaenda kwa fundi Gervais, aliyejifunzia Dar kazi ya kufunga gesi kwenye magari, akafungiwa mtungi, na petroli nayo ikabaki, ya kubadilishia kwa swichi. Gari likaanza kula kidogo na kuvuta vizuri. Maneno nayo yakaanza. Madereva wenzake wakasema hawawezi kupanga foleni na bomu. Leo mchana chama cha madereva wa stendi ya Mpanda kinakaa kuamua kama Jiko libaki kwenye foleni au litolewe. Likitolewa, haliruhusiwi kupakia. Lisipopakia, mashemeji wanakuja na funguo zao. Na yeye alishamwambia mwenyekiti kwamba atafika kwenye kikao hicho kwa gesi, abiria wakiwa ndani, watu waone.

Haya. Gari lilipokwisha kunuka, akamwomba Rosine sabuni. Rosine ni abiria mwingine, dada wa Mishamo, mpole, aliyekuwa amenunua sabuni ya unga Ikola kwa ajili ya nyumbani. Wakaikoroga kwenye kopo na maji ya akiba ya rejeta mpaka ikawa povu zito. Specioza akafungua koki, akawasha ufunguo bila kupiga stata, gesi ikaingia kwenye mpira, akaanza kupaka povu kila kiungo. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kwenye nati inayotoka mtungini, povu likaanza kuota mapovu mengine, makubwa, yakipasuka na kuota tena.

Akazima, akachukua spana, akakaza. Nati ikazunguka kirahisi, haikuwa imebana hata kidogo. Akawasha tena ufunguo, akapaka povu, likatulia. Mama Lidia akasema sasa anaweza kupumua, halafu akamtazama Mzee Abednego, na mzee akatazama milima.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini Specioza alipokuwa anafuta povu kwa kitambaa, aliona rangi.

Gervais ana utaratibu wake. Akishakaza nati, anaivutia mstari wa rangi ya kucha, kutoka kwenye nati mpaka kwenye bomba. Mstari ukikatika, ujue nati imesogea. Siku ile anafunga mtungi hakuwa na rangi, ikabidi Specioza atoe ya kwake, nyekundu ya kung'aa, na fundi akaipaka mpaka ikaisha kwenye kichupa. Walicheka sana. Dina, rafiki yake Specioza anayeuza chai na maandazi pale stendi, alikuwepo, aliwaletea chai gereji, akasema sasa gari limekuwa bibi harusi.

Mstari uliokuwepo sasa ulikuwa umekatika, hilo lilieleweka. Lililomshangaza ni kwamba haukuwa mwekundu.

Mtandao pale ni wa kuokoteza. Ikabidi apande juu ya jiwe, ashike simu mbele ya mdomo na kupaza sauti ndipo Gervais amsikie. Abiria wote wakasikia pia.

"Gervais, nyekundu yako haipo. Imekwanguliwa. Hapa kuna damu ya mzee."

Fundi akamwambia arudie. Akarudia, kwa nguvu zaidi, kwamba kwenye buti, pale kwenye nati, kuna damu ya mzee, na imekauka.

Mimi na wewe tunajua damu ya mzee ni rangi, nyekundu iliyokolea karibu na weusi. Kitenge cha damu ya mzee, sare ya kwaya ya damu ya mzee. Lakini Rosine alilelewa kwa Kirundi, Kiswahili kakisoma shuleni, na shuleni walimfundisha nyekundu, bluu, kijani na njano. Damu ya mzee hawakumfundisha. Alichosikia ni kwamba kwenye lile buti alilokaa mbele yake kutoka Ikola, kuna damu, ya mzee, iliyokauka. Akamtazama Mzee Abednego. Mzee huyu alikuwa mzima. Basi kulikuwa na mzee mwingine.

Hakupiga kelele, ni mtu wa aibu. Alisogea kando, akarekodi sauti kwa mdogo wake anayefanya kazi karibu na stendi, akinong'ona: "Tuko porini, lile gari la gesi limeharibika, na mama dereva kakubali kwa simu kwamba kwenye buti kuna damu ya mzee. Mkituona hatufiki, mjue." Mdogo mtu akaituma kwenye kundi la wafanyabiashara wa stendi. Mnajua makundi hayo. Kabla Specioza hajashuka kwenye jiwe, Mpanda nzima ilikuwa inamlilia mzee asiyekuwepo.

Kule kwenye simu Gervais alikuwa ameshaelewa, na sauti yake ilibadilika. Alisema nati hiyo imefunguliwa na mtu. Huyo mtu aliilegeza kidogo, si kuitoa, halafu akaukwangua mstari wa zamani na kupaka mpya, ili ukiangalia uone mstari uko sawa na usishtuke. Barabara mbaya ndiyo iliyomalizia kuilegeza.

"Sasa sikiliza," alisema. "Mtu asiyejua kazi ya ile rangi hawezi kuipaka upya. Huyo alijua."

Specioza akamuuliza amemwambia nani kuhusu rangi. Gervais akaapa hajamwambia hata mkewe. Na simu ikakatika, kama kawaida yake.

Wakapanda gari. Specioza hakuwa na shaka, kichwani alikuwa na jina moja tu, Zefania. Zefania ni dereva wa Noah nyingine ya njia hiyo hiyo, na pembeni anauza petroli ya chupa kwa bodaboda, kwa hiyo gesi inamkosea mara mbili. Ndiye aliyeitisha kikao. Specioza alimtukana kimoyomoyo kuanzia kona ile mpaka tambarare, kwa matusi ambayo mhariri wangu hataki kuyaona hapa.

Akapiga stata, Jiko likaitika mara moja. Likapanda mlima uliobaki bila kulalamika, injini tulivu, mpaka Mama Lidia akasahau hasira na kuanza kuimba. Mzee Abednego, usingizi wa baada ya hofu ukamchukua. Kwa kuwa kiti cha nyuma kilikuwa wazi upande mmoja, akajilaza, na Mama Lidia, aliyemsamehe kwa sababu alinyamaza, akamfunika kitenge chake. Wameingia tambarare, mashamba ya mahindi kushoto na kulia, simu ya Specioza ikaita. Alikuwa Dina.

Dina alikuwa analia. "Shosti, usije stendi. Geuza, rudi Ikola. Watu wamejaa hapa, sijui wamesikia nini, wanakusubiri."

Specioza akamwambia atulie, anakuja, hana cha kuogopa. Dina akazidi kulia, akasema asubuhi si alimpigia akamwambia arudi kwa petroli tu, ameota ndoto mbaya? Kwa nini hasikii? Specioza akacheka kidogo. Alimpenda Dina kwa mambo haya haya. Msibani kwa mumewe, ni Dina aliyelala naye chini kwenye mkeka mpaka matanga yakaisha.

Stendi walimkuta kila mtu. Madereva, wapiga debe, akina mama wa mboga, bodaboda waliosimamisha pikipiki zao katikati ya njia. Jiko liliposimama, watu wakalizunguka kimya kimya. Mwenyekiti Thadei akasogea mlangoni. Thadei ni mwanaume anayejua kuongea, lakini mbele ya Specioza maneno humpotea, na sababu zake tumeshaziona katika wiki zilizopita. Leo alikuwa na neno moja tu.

"Mzee yuko wapi?"

Specioza hakuelewa. Akafikiri anaulizwa abiria. Akaonyesha nyuma. "Yule pale, kalala."

Zefania akavuta mlango wa nyuma. Watu wakaona mwili wa mwanaume mzee umenyooshwa kwenye kiti, umefunikwa kitenge, miguu inachungulia. Mwanamke mmoja akaangusha sinia la ndizi. Wengine wakaanza kulia kabisa, kilio cha msiba, na bodaboda mmoja akavua kofia.

Kitenge kikasogea. Mzee Abednego akainua kichwa, akaona uso wa Zefania karibu kabisa na wake, akakohoa na kuuliza, "Tumefika?"

Zefania alirudi nyuma mpaka akakaa kwenye ndoo ya petroli yake. Stendi ililipuka kwa kicheko. Rosine, uso umeiva kwa aibu, alisukumwa mbele na mdogo wake ili aeleze, akaeleza alichosikia. Specioza akafungua buti akawaonyesha: damu ya mzee, hii hapa, rangi ya kucha. Watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia magari. Mama mmoja wa mboga akamkumbatia Rosine na kumwambia hata yeye, alipotoka kwao Usukumani, alidhani ni hivyo hivyo.

Lakini kicheko si kura, na Zefania si mjinga. Alipopata pumzi alisema jambo la kweli, na lazima niliseme hapa, sipendi kumwonea mtu. Alisema tumecheka, sawa, lakini gesi ilivuja au haikuvuja? Watu walikuwa ndani au hawakuwa? Kile kiberiti kingewaka, tungekuwa tunaongea nini sasa hivi? Alikuwa na haki ya kuuliza.

Specioza akapanda kwenye ngazi ya gari lake ili aonekane. Hapa ndipo alipoliona kichwani gari likiondoka na mashemeji, na wanawe wakiuliza liko wapi.

"Ilivuja," alisema. "Sitawadanganya. Ilivuja kwa sababu kuna mtu alishika spana akailegeza. Ukikata breki ya gari la petroli nalo litaua watu, na hatutasema petroli ifukuzwe. Nimelifanyia jaribio la sabuni mlimani mbele ya abiria wangu. Kuanzia leo nitalifanya hapa hapa, mbele yenu, kila mara kabla sijapakia. Na buti la mtungi halibebi dagaa tena, maana pua zetu zimetudanganya. Mkinitoa, mnitoe kwa hilo, msinitoe kwa sababu ni mimi."

Mama Lidia akaongeza neno. Alisema yeye alikuwa amekaa humo ndani na ule mtungi, mali yake imeuegemea, na kesho kutwa anapanda tena Jiko hilo hilo, dagaa atawapakia juu ya keria. Mzee Abednego akasema naye atapanda, bila kiberiti.

Thadei akakohoa, akasema wanachama na wafanyabiashara wote wa stendi wana haki ya kura, kama kawaida. Wanaotaka Specioza abaki kwenye foleni, wanyooshe mikono juu.

Ukaanza mmoja, ikafuata mingine. Mikono ya bodaboda yenye grisi, mikono ya akina mama wenye mboga, hata madereva wawili wa upande wa Zefania waliotazamana kwanza. Thadei hakuhitaji kumaliza kuhesabu. Specioza alishika mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka, akaacha yamtoke. Gari lake lilikuwa limebaki lake.

Mkono wa kwanza kabisa kunyooka, na wa juu kuliko yote, ulikuwa wa Dina. Alikuwa amesimama kwenye benchi la chai, analia na kucheka kwa pamoja, anaupunga. Siku zote mikono ya Dina ina unga wa maandazi mpaka kwenye viwiko, huwezi kujua ina nini chini yake. Leo, kwa ajili ya kikao, alikuwa amenawa.

Kucha zilikuwa zimepakwa. Specioza akatazama, akapangusa machozi, akatazama tena. Akainama kidogo, akaitazama ile nati kwenye buti lililo wazi.

Zefania hakujua habari za rangi. Walioijua walikuwa watu watatu, na mmoja wao alikuwa ametoa kichupa, mwingine ndiye fundi aliyeipaka, na wa tatu alileta chai. Wa tatu ndiye aliyepiga simu asubuhi, akibembeleza warudi kwa petroli, na gari likitembea kwa petroli ile nati haipitishi gesi. Wa tatu hakutaka mtu afe. Alitaka kitu kingine, na hicho Specioza alikuwa bado hajakijua.

Dina alikuwa ameshashuka kwenye benchi, anawapenya watu, mikono mbele, anakuja kumkumbatia. "Shosti, tumeshinda," alisema.

Specioza aliipokea ile mikono miwili. Akaishika kwa vidole, akaigeuza taratibu mpaka kucha zikaelekea juu, kwenye jua la mchana. Damu ya mzee.

"Tumeshinda," alisema Specioza, bila kuiachia. "Twende kwenye buti, Dina. Kuna rangi nataka unisaidie kuilinganisha."